Aliyeingia Kinyumenyume

Ukitaka kumjua Rosolino Cusimano, anza na mgongo wake, maana sisi wa uchochoroni ndio tuliouona zaidi. Watembeza wageni wengine hapa Palermo hutangulia na kibendera, wageni wakiwafuata kama vifaranga. Rosolino alitembea kinyumenyume. Alidai kwamba mgeni akionyeshwa kisogo hupoteza hamu, na mgeni aliyepoteza hamu hali vizuri. Basi alitoka nao Kanisa Kuu, kwenye makaburi ya wafalme, akaja kinyumenyume hadi soko la Ballarò. Mkononi alikuwa na mwiko wa mbao wenye utepe mwekundu, na alipita kati ya meza za samaki na pikipiki bila kugusa kitu, mdomo haufungi. Nilimwombea ajikwae, Mungu anisamehe, ila hakujikwaa hata siku moja.

Mimi ni Agatina, nauza vitunguu vya kuoka pale uchochoro wetu unapokutana na soko. Vitunguu vyangu hutoka kwenye tanuri la mkate vikiwa vyeusi nje na vitamu ndani, na sihitaji mtu wa kunisemea. Lakini Rosolino alikuwa amenibatiza malkia wa vitunguu. Kila siku ya Mungu alinisimamisha mbele ya wageni, akawaeleza kwamba nilikataa posa za matajiri kwa kuwa hakuna aliyejua kumenya kitunguu bila kulia. Mume wangu yuko nyuma yangu, gunia begani, anasikiliza.

"Rosolino, acha uongo wako, watu wataandika," nilimwambia.

"Waandike, Agatina! Wakiandika ndio wenzao wanakuja. Wewe tabasamu tu, meno si bado unayo?"

"Sogea nikung'ate ndiyo utajua ninayo."

Wageni wakacheka bila kuelewa neno, wakanunua bajia za dengu kwa jirani yangu, wakala mkate wa bandama huku wamekunja nyuso, wakaendelea mbele. Sitasema Rosolino alikuwa mtu mbaya. Alizaliwa hapahapa uchochoroni, katika chumba kilichokuwa juu ya karakana ya mhunzi. Mama yake alikuwa mfuaji nguo wa hospitali, harudi mpaka jioni, na mtoto alilishwa na nyumba iliyokuwa na chungu jikoni. Nyumba hiyo mara nyingi ilikuwa ya Mama Provvidenza na mumewe, Mzee Gaspare. Rosolino alipopata uwezo alihamia kule kwenye maghorofa mapya yenye lifti. Uchochoroni akawa anakuja kama anavyokuja mwenye shamba siku ya kuvuna.

Safari yake yote ilimalizikia kwa Mama Provvidenza. Huyo mama alipika tambi za dagaa na shamari na zabibu kavu, na wageni walikula chumba cha mbele, kwenye meza ya harusi yake. Lakini kabla ya tambi kulikuwa na Mzee Gaspare.

Mzee alikaa nje ya mlango kwenye kiti cha kamba, tangu asubuhi mpaka jua liondoke. Kule Kanisa Kuu, Rosolino alikuwa ameshawaambia wageni: "Tunakokwenda kuna mzee amekufa mara nyingi kuliko wafalme wote waliolala humu. Msikubali awadanganye." Wakifika, wanamkuta Mzee amelaza kichwa ukutani, macho yamefumba, mdomo umeachama, mikono kifuani. Rosolino anavua kofia, analia kilio cha uongo, "Ole wetu, Gaspare ametutoka!" Kisha anamchagua mgeni mmoja amvue Mzee ndara na kumtekenya unyayo. Mzee anavumilia, anavumilia, halafu anafungua jicho moja na kuuliza, "Tambi zimeiva?"

Hapo uchochoro mzima hulipuka kwa kicheko. Mimi niliuona mchezo huo kila siku, na bado nilicheka.

Mzee Gaspare alifariki alfajiri moja ya mwezi wa tano. Alikunywa kahawa, akamwambia mkewe kifua leo ni kizito, akarudi kulala. Mama Provvidenza alipokwenda kufungua dirisha alimkuta ameondoka.

Kwetu msiba una kazi zake na kila mtu anaijua yake. Nyumba ya mfiwa haiwashi moto. Majirani ndio jiko, tena kwa zamu, na kila nyumba hutaka zamu yake. Kupeleka sahani msibani ndiko kusema mimi ni wenu, na ikipokelewa umejibiwa kwamba ndiyo, wewe ni wetu. Asubuhi ile mimi nilijitwika supu ya kuku. Mwenye bajia hakukaanga. Wenye maduka wakateremsha milango nusu, karatasi yenye ukingo mweusi ikabandikwa ukutani, na mlango wa Mama Provvidenza ukaegeshwa. Chumba cha ndani ni chembamba kama tumbo la samaki, kwa hiyo Mzee alilazwa chumba cha mbele, miguu ikielekea mlangoni, ndani ya suti yake ya harusi. Viatu vilikataa kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, wakamwacha na soksi.

Nani alimwambia Rosolino? Hakuna. Mimi nilidhani mpwa wa marehemu, Rosalba, amempigia. Rosalba alidhani nimempigia mimi. Na simu ya Rosolino, akiwa na wageni, hulala mfukoni imenyamazishwa. Mama Provvidenza naye alikuwa amesahau kama duniani kuna wageni.

Niliisikia sauti yake kabla sijamwona. Nilikuwa katikati ya uchochoro, nimekumbatia chungu cha supu kwa matambara mawili, mvuke unanipiga usoni. Nikaona ule mgongo unakuja, na ng'ambo ya mgongo kundi la wageni wenye kofia, wamechangamka.

"Rosolino!" nikaita. "Rosolino, simama!"

Akanyanyua mwiko bila kugeuka. Aliyonena alinena kwa Kiingereza, lugha ambayo Rosalba anaijua kwa kazi yake ya hotelini. Ndiye aliyenitafsiria baadaye, neno kwa neno, ingawa sikumwomba. Alisema, "Huyo ni malkia wa vitunguu, leo amenuna, hata meza hajapanga!" Wageni wakanipiga picha na chungu changu. Ningekiweka chini, lakini yule aliyekuwa mbele yangu alikuwa ananikaribia na kamera, supu inachemka, na mpaka nilipopata pa kukitua wameshanipita.

Kila ishara ya msiba ilikuwa nyuma ya kisogo chake. Aliwaambia wageni, "Sikieni kimya hiki, leo uchochoro mzima mmetengewa ninyi." Mlangoni walisimama wapwa wa marehemu, wamevaa nyeusi. Aliwaona kwa pembe ya jicho tu, akasema wanawake wetu wanaipenda nyeusi kwa kuwa inapunguza unene. Wapwa wakapigwa na butwaa, wakapisha njia. Msibani huulizi anayeingia ni nani.

Kiti cha kamba kilikuwa kitupu. Angekiona angejua. Ila yeye alikuwa akisoma nyuso za wageni, kama kawaida yake, na nyuso zilipobadilika baada ya mlango kusukumwa, alifurahi. Alidhani Mzee leo ameamua kuuhamishia mchezo ndani. Akaingia na mgongo wake, akavua kofia, akalia, "Ole wetu, Gaspare ametutoka!"

Wanawake waliokuwa wakisali wakanyamaza.

"Msimwogope," akaendelea, "hufa kila siku saa sita, isipokuwa Jumapili. Nani atamtekenya?"

Akajitokeza bwana mmoja mnene, uso mwekundu kwa jua, mwenye tabasamu la mtu asiye na ubaya wowote. Akainama, akashika unyayo wa Mzee Gaspare ndani ya soksi, akatekenya. Akatekenya tena. Kisha tabasamu likamtoka taratibu, akauachia mguu, akaufuta mkono wake kwenye suruali, akaona haya kwamba ameufuta, akauficha mgongoni.

Ndipo Rosolino akageuka.

Nimeishi kiasi cha kuona watu wakiumbuka. Nimemwona bibi harusi akikimbiwa kanisani, nimemwona mwizi akivuliwa suruali sokoni. Sijaona uso kama ule. Damu ilimshuka yote, midomo ikawa ya kijivu, na mwiko ukamtoka mkononi ukalia sakafuni. Mimi nilikuwa mlangoni na chungu changu, nikatamani nimzabe kibao na nimfunike shuka, vyote kwa pamoja.

Mama Provvidenza hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Alikaa kichwani kwa mumewe, rozari mkononi, akatazama wageni mmoja mmoja.

"Rosolino, waambie waketi," alisema. "Aliyeingia kwangu hatoki na njaa. Agatina kaleta supu."

"Mama..." Rosolino akaanza.

"Waambie."

Akawaambia. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Wageni wakavua kofia, wengine wakaketi ukingoni mwa viti, wengine wakasimama ukutani. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe alimwendea Mama Provvidenza, akambusu pande zote mbili za uso, akalia kweli. Nikapakua supu. Nyingine nikaimwagia meza.

Kisha Mama Provvidenza akasema, "Sasa waambie alikuwa nani."

Rosolino akamtazama.

"Wamekuja kumwona. Wewe ndiye unayejua kusema. Waambie Gaspare alikuwa nani."

Akafungua mdomo. Mtu yule aliyewasimulia watu habari za wafalme waliokufa karne na karne, aliyejua kila jiwe la Kanisa Kuu lilitoka wapi, alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Akafunga. Akafungua tena. Kichwani mwake alikuwa na mzee anayeachama na jicho moja linalofunguka, basi. Alikuwa amelishwa kwenye meza ile tangu hajaota meno, na hakuwa na sentensi moja ya kweli ya kumsemea aliyemlisha.

"Humjui," Mama Provvidenza akasema, polepole, kama anayekubali habari. "Haya, nitakwambia mimi. Alikwenda Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe, akiwa kijana, mimi nikiwa na mimba ya mtoto asiyeishi. Huko chini ya ardhi walikuwa wakichimba wamelalia ubavu. Akarudi na mapafu meusi. Pale mlangoni alipokuwa ameachama mdomo, Rosolino, hakuwa anakuigizia. Alikuwa anatafuta pumzi. Siku ya kwanza ulipoleta watu wako wakaanza kumwonea huruma. Aliona afadhali wacheke. Ndiyo maana alikufungulia jicho."

Hakuna aliyetafsiri. Rosalba alijaribu, akashindwa. Rosolino akaketi chini, palepale sakafuni kando ya mwiko wake, akafunika uso kwa kofia, na wageni wakatoka mmoja mmoja wakimkwepa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wanasema. Siku ile aibu haikuwa ya maiti, na tuliiona wote.

Kesho yake tulimzika Mzee. Rosolino alikuja na tai nyeusi, akasogea kutoa bega lake kwenye jeneza, na mpwa mmoja wa marehemu akamsukuma kwa kiwiko bila hata kumtazama. Hakubisha. Alifuata nyuma kabisa, nyuma ya watu wasiomjua marehemu. Niliona jinsi wanawake walivyovuta watoto wao asiwaguse. Mimi pia nilimpa kisogo. Yeye alitupa kisogo siku zote, basi na chake hicho hapo.

Lakini alirudi. Jioni hiyohiyo alileta sinia kubwa kutoka mgahawa mmoja wa wageni, limefunikwa karatasi ya kung'aa, jina la mgahawa ubavuni. Alisimama mlangoni jasho likimtoka.

"Nani kapika?" Mama Provvidenza aliuliza kutoka ndani.

"Mgahawani, mama. Wale mabingwa kabisa."

"Basi wapelekee mgahawani shukrani zangu."

Akarudi na sinia lake uchochoro mzima, milango yote ikiwa wazi. Kila mtu alimwona, na kila mtu alielewa. Mtu aliyerudishiwa sahani msibani atabaki kupita hapa kama anavyopita mgeni yeyote, akinunua na kwenda zake. Rosolino hakuwa na mama tena, wala ndugu. Kule kwenye lifti hata jirani yake hamjui jina. Asipokuwa wa uchochoro huu hakuwa wa popote.

Alikaa siku mbili bila kuonekana. Mwisho wa matanga, ule mchana ambao jioni yake Mama Provvidenza angewasha moto wake mwenyewe, alikuja na sufuria. Kidole kimefungwa kitambaa, macho mekundu. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni.

"Umeleta nini?"

"Supu."

"Kapika nani?"

"Mimi."

"Wewe? Tangu lini?"

"Tangu jana, Agatina. Hii ni ya nne. Zingine nimemwaga."

Nikafunua. Ilikuwa imeungua, harufu ilinifika kabla ya mvuke. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nilikuwa nimeyapanga tangu mazishini, lakini nilikitazama kile kidole nikayameza. Nikaipeleka ndani.

Mama Provvidenza alionja kijiko kimoja. "Imeungua," akasema. Akala kijiko cha pili. "Mwite."

Rosolino akaingia, ametanguliza uso, akasimama pale ilipokuwa miguu ya marehemu.

"Mama, sijui niseme nini."

"Usiseme. Umesema ya kutosha." Akaweka kijiko chini. "Wageni wako utawaleta kama zamani. Nikikaa humu peke yangu nitazungumza na sufuria. Lakini utapiga hodi, ukitazama mlango. Wao wataingia, wewe hutaingia. Utakaa kwenye kiti chake mpaka wamalize kula, na mdomo utaufunga."

"Nani atawaambia habari?"

"Mimi. Nina mikono."

Na ndivyo ilivyokuwa. Juma lililofuata nilimwona akija, na kwa muda sikumtambua, kwa kuwa nilikuwa naona uso. Aliwatangulia wageni, mwiko hana. Alipiga hodi. Mama Provvidenza, ndani ya nyeusi yake, akawapokea, akafunga mlango nusu. Rosolino akakitazama kile kiti muda mrefu, halafu akakikalia, taratibu, kana kwamba kinaweza kupiga yowe.

Kutoka kwenye meza yangu nilisikia yeye alichokuwa anasikia. Kupitia nusu ya mlango iliyobaki wazi nilimwona Mama Provvidenza akiwaonyesha picha ya mumewe na taa ya mgodini. Aligonga meza kwa ngumi kama nyundo inayogonga jiwe. Kisha akakohoa, kikohozi cha Gaspare chenyewe, kirefu, kile kilichotuamsha sote alfajiri kwa miaka na hatukuwahi kukiuliza kimetoka wapi. Wageni hawakucheka. Rosolino akalaza kichwa ukutani, akafumba macho.

Hapo ndipo walipotokea mume na mke wasio wa kundi lake. Walikuja wenyewe, simu mkononi, wakilinganisha ukuta na picha. Kwenye simu, Rosalba aliniambia, kuna maandishi mengi ya wageni waliopita: nenda uchochoro fulani, kuna mzee anajifanya amekufa, mtekenye unyayo. Kulikuwa na joto, Rosolino alikuwa amevaa ndara.

"Huyu hapa!" yule mke akasema, au kitu kama hicho, maana furaha haihitaji mkalimani. Akachutama, akamvua ndara, akatekenya.

Nilisimama. Angeweza kusema neno moja tu, bila hata kuinuka: hapana, mimi siye. Lugha yao aliijua kuliko wao. Hakusema. Mguu ulimruka mara moja akaurudisha, akaacha utekenywe, macho amefumba, na machozi yakaanza kumtoka pembeni yakiingia masikioni. Mume mtu alikuwa anapiga picha. Mke akasubiri, akicheka, akatekenya tena, akasubiri lile jicho lifunguke.

Mlango ukafunguka. Mama Provvidenza alitoka na sahani inayofuka mvuke. Akamtazama yule mke, akatazama ule mguu mtupu, akatazama sana uso wa Rosolino. Kisha akamwekea sahani mapajani.

"Kula, mwanangu," akasema. "Tambi zimeiva."

Yule mgeni akapiga makofi, akidhani mchezo umefikia mwisho wake. Rosolino akashika uma. Alikula akiwa ameinamisha kichwa, mguu mmoja bila ndara, na makofi yakaendelea kidogo, kisha yakakoma yenyewe.